Mkono Uliobaki Nyumbani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi mtoto alikuwa amelalia mkono wa kushoto wa mama yake, na mama alitakiwa kiwandani saa moja kamili. Alikuwa ameshajaribu mara tatu kuuchomoa. Kila alipouvuta kidogo mtoto alikunja uso na kuguna, na mama akaganda tena. Mtoto alikuwa na miezi minne. Nyumbani walimwita Mzee, kwa sababu ya upara wake na kwa namna alivyowatazama watu kana kwamba wamemchelewesha.

Wiki ile ya kwanza baada ya likizo ya uzazi kwisha ilikuwa balaa tupu. Mzee aliikataa chupa. Alikataa kikombe, akakataa kijiko, akaipiga teke hata nguo ya kulalia ya mama yake, ambayo nesi wa kliniki alishauri afunikwe nayo ili asikie harufu aliyoizoea. Bibi yake, mama wa baba yake, alizunguka naye chumbani mpaka magoti yakamgomea. Maziwa aliyokamua mama alfajiri yalimwagwa jioni. Ijumaa mzani ulionyesha mtoto amepungua, na nesi akasema akipungua tena atalazwa.

Basi mama aliitazama saa, akajikaza, akainuka. Mkono haukuinuka naye. Ulibaki kitandani, wote kuanzia begani, umejikunja vilevile, na Mzee juu yake anakoroma. Hapakuwa na damu wala maumivu. Mama aliona kwamba akianza kuuhangaikia sasa atamwamsha mtoto, akavaa blauzi kwa shida na kuufunga upande mtupu kwa pini ya nepi.

"Mama, nimeuacha mkono kitandani," alimwambia mkwewe mlangoni.

"Uache, mwanangu. Atakayeuiba nani? Wewe wahi gari."

Kiwanda kilishona sare za shule. Yeye alikuwa wa mashine ya vifungo: mkono wa kulia unasogeza shati, wa kushoto unaweka kifungo, mguu unakanyaga. Siku hiyo alilisogeza shati kwa kidevu. Kufikia saa sita alikuwa ameshaizoea kazi, ila shingo ilimuuma. Msimamizi wa ukumbi alipita na kalamu yake sikioni, akasimama.

"Mkono uko wapi?"

"Nyumbani, na mtoto."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Haikupangwa, bosi. Mtoto alikuwa ameulalia."

Msimamizi aliandika kitu. "Lengo ni mashati mia tatu. Halibadiliki."

"Najua," alisema mama. Alitamani kumuuliza habari za barua yake, ile ya kuomba saa moja ya kunyonyesha, lakini alimwona ameshaenda. Haki ya saa hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na mlango, ndani ya fremu ya kioo. Kioo kilifutwa vumbi kila Ijumaa.

Jioni bibi alimpokea akicheka. Mkono uliamka kabla ya mtoto, alisema. Ulimpapasa mgongo, ukashika kikombe, na Mzee akanywa maziwa yote, tone kwa tone, bila hata kulia. "Huo mkono una akili kuliko wewe," alisema bibi. "Nimeukata kucha, zilikuwa zinamkwaruza."

Mama aliuegesha begani, nao ukashika. Alifurahi mpaka akakaa chini.

Kuanzia hapo aliuacha kila asubuhi. Mzee alirudisha uzito, akaota na mashavu. Nesi aliandika kwenye kadi: anatulizwa kwa mkono wa mama. Akamwambia aendelee hivyohivyo.

Lakini mama hakutulia. Saa nne maziwa yalimjaa, blauzi ikalowa, akakimbilia chooni kukamua kwa mkono mmoja akiwa amesimama, mgongo ameuegemeza kwenye mlango usio na komeo. Akirudi alikaa, akasimama, akakaa tena. Alimuuliza mwenzake wa mashine ya kola, "Sasa hivi anafanya nini?"

"Nitajuaje mimi? Si mkono ni wako?"

Ulikuwa wake, ila haukumletea habari yoyote. Alikuwa ametegemea walau auhisi uzito wa mtoto akiwa kule, joto lake, hata mkojo. Hakuhisi kitu. Jambo hilo lilimuuma kuliko shingo.

Wiki ya nne msimamizi aliwakusanya wote kabla ya mashine kuwashwa. Alisema ikiwa mama huyu anafikisha mashati mia tatu kwa mkono mmoja, basi wenye miwili wana maelezo ya kutoa. Kuanzia Jumatatu lengo lao lingekuwa mia nne. La mama lingekuwa mia tatu hamsini, kwa kumwonea huruma. Watu walirudi kwenye viti vyao.

"Mwenzangu, si ungejifanya mgonjwa tu," alinong'ona yule wa kola.

Siku hiyohiyo majibu ya barua yalitoka. Yalipigwa chapa vizuri na kugongwa muhuri. Yalisema kwamba, kwa kuwa sehemu ya mwombaji tayari iko nyumbani na mtoto muda wote wa kazi, ombi la saa moja halina msingi. Mama aliikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akashika shati linalofuata.

Jumapili hakuwa na pa kwenda. Aliuvaa mkono mapema, akamwogesha Mzee, akampakata mchana kweupe. Siku zote usiku mtoto alikuwa akinyonya amefumba macho, hakuangalia ni nani. Sasa aliangalia. Alijinyonganyonga, akaupinda mgongo, akalia. Mama alimwimbia, akambeba begani, akatembea naye kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi. Mzee alizidi kulia.

"Amezoea mkono peke yake," alisema bibi. "Hiyo nyingine yote inamchanganya."

"Hiyo nyingine ndiyo mimi, mama."

"Najua, mwanangu. Lete nikusaidie."

Bibi alimlaza mtoto mkekani, mbele ya pazia lililokitenga kitanda. Mama aliingia nyuma ya pazia, akakaa sakafuni, akautokeza mkono tu upande wa mtoto. Kilio kilikatika. Vidole vidogo vilikamata dole gumba. Kisha akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia, nyembamba, inayokatika na kuanza upya.

"Anacheka?"

"Anacheka."

"Ameanza lini?"

"Jumatano. Saa nne nne hivi."

Jumatano saa nne alikuwa kwenye mashine, kidevu juu ya shati. Alilisogeza pazia kidogo ili amwone mwanawe akicheka. Mzee aliliona jicho lake, akanyamaza, akaanza kukunja uso.

Mama akalirudisha pazia. Aliegemea kitanda, akakaa hivyo, akisikiliza, mpaka mtoto alipochoka kucheka.