Skuta ya Marehemu Muthamia

Jumanne saa kumi alasiri, Mwalimu Karambu alipangusa vumbi kwenye skuta ya marehemu mumewe, akaipiga picha na kuisajili katika huduma ya simu inayowaunganisha wenye vyombo vya usafiri na wanaotaka kuvikodi. Pale Nchiru wanafunzi wa chuo ni wengi, na miguu huchoka. Muthamia alipokuwa hai hakuruhusu mtu aiguse skuta ile. Alikuwa mkono wa birika hasa. Hata uchungu wa uzazi ulipomshika Karambu, alitembea hadi zahanati, skuta ikabaki chini ya turubai.

Wa kwanza kuikodi alikuwa Muthomi, mwanafunzi. Aliirudisha jioni.

“Iko sawa, Mwalimu, lakini huyo mzee wa nyuma ni mzito kiasi.”

Karambu aliuliza ni mzee gani. Wa koti la kaki, mwenye kikohozi, Muthomi akajibu. Mzee huyo alimwonyesha njia ya mkato na kumchekesha safari nzima. Karambu akamtambua mumewe, akaongeza kwenye tangazo: ina abiria mmoja. Wateja wakazidi.

Felicitas, muuza mayai, alisema mzee humshikia trei mapajani, na hakuna yai lililowahi kupasuka. Karambu hakuwahi kushikiwa hata kikapu. Tangu hapo, kila skuta ilipotoka, alizunguka uani akifagia palipofagiwa na kufua nguo safi. Alitaka jambo moja tu, na aliona haya kulitaja: apande na mumewe, walau mara moja.

Jumamosi akaikodi skuta yake mwenyewe, kwa jina lake, kama mteja yeyote. Kuendesha alikuwa amejifunza kwenye uwanja wa shule. Alivaa nguo ya kanisa. Alipoiwasha, Muthamia alikuwa ameshakaa nyuma. Alimtazama mkewe, akakohoa, akashuka.

“Kwani wewe unakodi ya nini?” akasema. “Si uko na miguu.”

Ilimuuma kuliko siku ya mazishi. Alikwenda peke yake hadi njia panda, akageuza. Langoni alimkuta mwalimu mwenzake, Gatakaa, aliyekuwa ameikodi aende sokoni. Karambu akamkabidhi ufunguo. Muthamia akapanda, akamwuliza Gatakaa kwa upole kama amekaa vizuri, maana barabara ina mashimo.

Karambu akaingia ndani kubadilisha nguo.