Dakika Nne za Ngazini

Basi lilikuwa limeshaacha kituo pale mama mmoja mzee alipotokea kwenye ngazi ya mwisho ya stesheni ya treni, akainua fimbo yake juu. Dereva, ambaye wenzake walimbatiza Sekunde, alimwona kwenye kioo. Hakusimama.

"Simamisha! Yule ni dada yangu!" Mpanga ratiba alipaza sauti kutoka kiti cha mbele; amekuja kuona siku ya kwanza ya ratiba yake mpya.

"Mpe pole zangu, mzee," Sekunde akajibu, macho barabarani. "Treni inafika saa mbili na dakika kumi, mimi naondoka na kumi na nne. Nikichelewa, kivuko kinawaacha hawa wote. Si umeandika wewe? Ulitusomea mpaka tukasinzia."

Mzee wa watu akanywea.

Miaka minne alihangaika kuunganisha treni, mabasi na vivuko vya mkoa mzima, tiketi iwe moja, abiria ashuke hapa apande pale. Ofisi tatu zilizokuwa hazisalimiani alizikalisha meza moja, zikagombea dakika kama fisi na mfupa. Stesheni hii aliipima mwenyewe, saa mkononi, kutoka behewani hadi mlangoni pa basi: dakika nne. Tatizo, huyu ni mtu aliyezunguka dunia kwa miguu kabla ya kupata meza ya kukalia. Alipima kwa miguu yake, akawaandikia watu wote.

Dada, goti lake bovu na figo zimechoka. Mara tatu kwa wiki lazima awe hospitali ng'ambo ya mto saa tatu, asafishwe damu. Ukichelewa, mashine anapewa mwingine. Binti yake alitaka ahamie kwake. Dada akagoma: nyumba aliyojenga na marehemu mumewe haiachi. Naye mpanga ratiba akamtia moyo, "Usihame, dada. Mtandao unakuja." Kisha akalifuta lile basi kuukuu lililompitia mlangoni hadi kivukoni, kwa kuwa lilirudia njia ya treni.

Jioni alimkuta jikoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mezani.

"Nimekupungia, mdogo wangu. Ukanitazama kama picha ya ukutani."

"Nisamehe, dada."

"Zile ngazi alizipima nani, swala?"

Akachutama, akamvua kile kiatu kilichobaki.

Kesho yake alimleta mkurugenzi wa usafiri wa mkoa stesheni, dada akashuka ngazi mbele yao. Alisimama mara mbili. Mara ya pili alimsalimia mfagiaji, akamuulizia na wanawe.

"Na salamu nazo tunazihesabu?" mkurugenzi akauliza.

"Mwanangu, hapo nilikuwa navuta pumzi."

Dakika tisa.

Mkurugenzi alitazama saa yake, akatazama fimbo. "Pole, mama. Lakini mzee wangu, dakika tano zako zinavuta kivuko, na kivuko kinavuta treni ya ng'ambo. Hii ni fulana ya kufuma, ukivuta uzi mmoja tunabaki uchi. Ratiba mpya ni baada ya miezi sita."

"Basi Sekunde amsubiri hizo siku tatu za wiki tu."

"Tukimsubiri dada yako, kesho kila mtu ana dada."

Maneno hayo yalikuwa yake. Ndiyo aliyowafungia nayo midomo watu wa zile ofisi tatu.

Alirudi mezani akaandika barua, mstari mmoja: stesheni ile niliipima kwa miguu yangu, nilikosea. Akatia sahihi, akaipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi.

Dada alikosa mashine mara mbili tena, miguu ikavimba. Mwezi haujaisha akahamia kwa binti yake, ghorofa ya tano, jirani na hospitali. Nyumba yake alipangishwa fundi cherehani. Miezi sita ilipotimia stesheni ilipewa dakika tisa, kivuko kikasogezwa, na hakuna aliyebaki uchi. Mkurugenzi alipandishwa cheo, akahamia makao makuu. Sekunde bado hachelewi. Lile basi kuukuu liliuzwa kama chuma chakavu. Mpanga ratiba alistaafu. Kila Jumapili hupanda treni, basi na kivuko kwenda kumwona dada yake. Lifti ya jengo lile ni mbovu, kwa hiyo dada hushuka siku za mashine tu.