Mlango wa Chuma na Sufuria ya Mama Sesilia

Mimi si mtu wa kutishwa hovyo. Nauza mchele sokoni Kahama, na aliyewahi kunichezea mizani ananijua vizuri. Lakini siku ile nilipoingia nyumbani kwangu nikakuta kimya, nilidondosha mzigo pale pale mlangoni.

Ngoja nieleze. Mume wangu Masalu alikuwa fundi wa karasha kule Bugarama, anasaga mawe ya dhahabu, mpaka moyo ulipomshinda. Dar es Salaam walimpasua kifua, wakautoa mlango mmoja wa moyo uliokuwa umeharibika, wakamwekea wa chuma. Na huo mlango unalia jamani! Ukikaa naye sebuleni redio imezimwa unausikia: ti, ti, ti. Wageni walikuwa wanatafuta saa ukutani. Mimi nilishauzoea, na nisipousikia nakosa amani.

Kabla hatujaruhusiwa, daktari wa kule alituweka kitako. Alisema damu haina urafiki na kitu kilichotoka kiwandani. Siku ya upasuaji, moyo ukiwa umesimamishwa, damu ya Masalu ilipitishwa kwenye mipira ya plastiki ya mashine, na damu ikigusa plastiki inajua kabisa kwamba hii si nyama, inaanza kuganda kana kwamba mtu amejikata. Walimpa dawa ya kuizuia. "Mipira tumeshaitoa," alisema, "lakini chuma kinabaki humo. Kwa hiyo hivi vidonge ni vya maisha yote. Na mboga za majani asizizidishe ghafla, zinavipiga vita." Tangu siku hiyo niliishi na woga. Nacheka na wateja huku masikio yangu yako kwenye kifua cha mtu.

Msimu wa mavuno nikaenda vijijini kutafuta mpunga. Masalu nikamwacha na mama yake, Mama Sesilia, aliyetoka Solwa kuja kumwangalia. Vidonge nilimkabidhi binti yetu Blessing, na kila jioni alinipigia simu: "Mama, baba amemeza, nimemwona kwa macho yangu." Nikatulia. Mjinga mimi.

Niliporudi, Masalu alikuwa kwenye kiti, ameinama, anahema kama mtu aliyepandisha mlima na gunia kichwani. Hakuna ti. Nilimwekea sikio kifuani, nikasikia kitu kizito, kama mtu anapiga godoro kwa ngumi.

"Masalu! Umekula nini wewe?"

Mama yake akatokea jikoni akifuta mikono, uso umechangamka. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Leo kaamka vibaya kidogo, lakini usiwe na wasiwasi. Nilimkuta amepauka, hana damu. Nimemlisha nsansa asubuhi na jioni. Nimekuja nayo gunia zima."

Kwetu Usukumani mgonjwa aliyetoka hospitali haachwi hivi hivi. Majani ya kunde yanachemshwa, yanaanikwa hadi yanakuwa meusi, kisha yanapikwa kwa karanga. Hiyo ndiyo nsansa, na hakuna asiyejua kwamba inarudisha damu. Sufuria ilikuwa imejaa hadi juu.

"Mama, si tulisema majani yasizidi?"

"Nilisikia. Mchicha sijampa hata siku moja."

Angekuwa mteja ningemvua nguo kwa maneno. Lakini huyo ni mkwe, unameza. Nilikimbilia kwa jirani yetu Luka, akatoa gari, tukaondoka na Mama Sesilia kuelekea Mwanza. Njia nzima kiganja changu kilikuwa kifuani kwa Masalu. Niliogopa kukitoa. Niliona nikikitoa tu, atakufa.

Hospitalini alitupokea daktari mmoja mwanamke, Daktari Bhoke. Akampima, akatuonyesha kwenye skrini. Upande mmoja wa ule mlango wa chuma ulikuwa haufunguki. Bonge la damu limeushika.

"Ulikuwa unaruka dawa?" alimuuliza.

Masalu akamtazama mama yake, aliyesimama miguuni pa kitanda ameuma pindo la kanga.

"Ndiyo, daktari. Niliruka."

Nilipigwa na butwaa. Mtu anahema kwa shida, bado ana nguvu za kudanganya! Nilimwelewa, na kumwelewa kwenyewe kulizidi kuniogopesha. Alikuwa radhi aitwe mzembe kuliko mama yake aambiwe mbele za watu kwamba amemdhuru.

"Basi Mungu akitusaidia," alisema daktari kwa ukali, "utarudi nyumbani na dozi ile ile, na usithubutu kuruka tena."

Dozi ile ile, na sufuria ile ile inamsubiri jikoni. Nikaona jeneza. Kweli kabisa, niliona watu wamelibeba.

"Anakudanganya, daktari!" Sauti ilinitoka kubwa mpaka wagonjwa wengine wakageuka. "Vidonge amemeza vyote. Amelishwa nsansa kutwa mara mbili, na nyingine iko nyumbani."

"Nani alimlisha?"

Nilitazama sakafu.

"Ni mimi," alisema Mama Sesilia. "Mimi mama yake."

Daktari hakumgombeza. Alisema watampa dawa ya kuliyeyusha lile bonge, ila dawa hiyo inaweza pia kumtoa damu kichwani, tuwe tayari kwa lolote. Wakakisukuma kitanda chake ndani, mlango ukafungwa. Tukabaki mimi na Mama Sesilia kwenye benchi.

"Kumbe nilikuwa namuua?"

Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tangu Kahama, na yalikuwa makali. Nilipomwona anajifuta machozi kwa pindo la kanga nikayaacha.

"Ulimpa chakula, mama. Damu ndiyo haikitaki kile chuma."

"Na angekuwa na moyo niliomzaa nao, ingemfaa?"

"Ingemfaa sana."

Akatikisa kichwa taratibu. Kila mlango ulipofunguka tulishikana mikono, na kila ulipomtoa mtu mwingine tuliachiana.

Mwishowe akatoka muuguzi, Aneth, amebeba bakuli la uji.

"Ndugu wa Masalu! Dawa inafanya kazi, bonge linayeyuka. Bado tunamwangalia kwa karibu, lakini anaongea, na anasema ana njaa."

Nililia kwa sauti, sikuona haya. Aneth akamnyooshea bakuli Mama Sesilia kwa mikono miwili, maana ndiye mkubwa, ndiye mama.

Mama Sesilia akaificha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mpe wewe, Mama Blessing," aliniambia. "Mimi naogopa kumlisha mwanangu."