Sukari ya Mama Régine

Mimi sijui kukaa. Mama alikuwa akisema nikiketi kwenye kiti, kinachochoka ni kiti. Ndiyo maana mwaka ule, tulipovuka Ziwa Mweru kutoka Zaire kuja kununua samaki wakavu, yeye alibaki Nchelenge kulinda mizigo, nami nikapanda lori kwenda Mununga ambako bei ilikuwa afadhali. Kwetu majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini upande wa Zambia mama alibaki Régine na mimi Suzanne, na hakuna aliyetushika.

Mama alifikia kwa Ennie, mke wa mvuvi mmoja, mwanamke mwenye moyo mweupe na Kiswahili cha sokoni. Alijua kuuliza bei, kukataa bei, kusalimia na kuaga. Mengine yote alisema kwa Kibemba, na mama Kibemba hakukijua. Sikuona shida. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari miaka mingi, vidonge vyake alivifunga kwenye pindo la kitenge, na kwa chakula alijibana kuliko mtawa: chai kavu bila sukari, ugali kidogo, samaki wa kuchemsha.

Sijamaliza kununua, mafua yakaingia Mununga. Si yale ya kupiga chafya na kuendelea na kazi. Wanaume wenye vifua vipana kama milango walilala kando ya mitumbwi yao wakitetemeka juani. Wabemba waliyaita ichifine, sisi tuliyaita gripi. Waliugua, wakatoka jasho, wakaamka, wakarudi ziwani wakikohoa. Mimi nilikataa kulala. Nilifunga samaki huku pua inavuja na mifupa inauma, nikitukana kila aliyenipa pole.

Ndipo Lackson, mwenye mtumbwi, akafika kutoka Nchelenge na salamu.

"Mama yako naye iko na ichifine," akasema, anafunga kamba. "Lakini usiogope. Ennie anamuchunga muzuri. Kila saa anamupa chai ya sukari."

"Chai ya nini?"

"Ya sukari. Mingi. Ni mama mwenyewe anaomba."

Nilimtukana Lackson mpaka nikaishiwa maneno, na maskini hakujua anatukaniwa nini. Nilimwambia anirudishe saa ileile. Akanionyesha ziwa kwa kidevu. Upepo ulikuwa umelichafua, na mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu mchangani. Samaki wangu nikawaacha hapo hapo, nikakimbilia barabarani.

Lori nililopata lilikuwa la mtu asiye na haraka na dunia. Kila kijiji alisimama. Hapa anamsalimu shemeji yake, pale anapakia mihogo, kule anatafuta maji ya injini. Mimi nilikuwa juu ya magunia, nikipiga paa la gari kwa kiganja, abiria wenzangu wakinitazama kwa hasira. Moyoni nilikuwa nahesabu vikombe. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja, na katikati huruma ya Ennie. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na woga wangu siku zote hutoka kama hasira. Tulipofika nilimwambia dereva asizime gari. Akazima. Nikamwashia moto mimi, mpaka akaliwasha tena.

Mama alikuwa kwenye mkeka, ndani. Alipumua kwa kina na kwa haraka, kama mtu aliyepanda mlima. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu, macho yamezama, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoanza kuoza. Ennie alikuwa amepiga magoti kando yake na kikombe, naye mwenyewe anakohoa. Nilikipiga kile kikombe kikaruka hadi ukutani.

"Awe, hapana, ba Suzanne," Ennie akasema, ameduwaa. "Ile sukari ni ya kwangu. Haikutoka mu mizigo yenu."

"Mizigo gani?"

Akashusha sauti. "Mama aliniambia siku ya kwanza: niko na sukari. Mi nikamwambia, ficha, mapolisi banapitaka hapa. Sikugusa. Alipougua akasema tena, sukari, sukari. Nikajua anaitaka. Nikamupa ya batoto bangu."

Hapo nikaelewa. Kwetu sukari ilikuwa haipatikani madukani wakati ule, na polisi wa Zambia walimshuku kila mfanyabiashara wa kwetu kwamba ameinunua upande wao aivushe kwa siri. Mama alitaja ugonjwa wake, Ennie akasikia magendo. Kisha homa ilipompanda, mama akamwonya kwa neno lilelile, na Ennie akawanyima watoto wake ili ampe. Ningekuwa na mtu wa kumpiga ningempiga. Lakini ungempiga nani pale? Nilimnyanyua mama upande mmoja, Ennie akamnyanyua upande mwingine, tukampandisha lorini.

Hospitalini nesi Chishimba alichukua mkojo wake, akauchanganya na dawa ya buluu na kuuchemsha kwenye kijichupa. Niliutazama ule ubuluu ukigeuka kijani, kisha rangi ya tofali. Sikuhitaji kuelezwa, lakini alinieleza, kwa Kiswahili chake cha kuunganisha vipande.

"Ile gripi inapata kila mutu," akasema. "Kijana, mwili wake unapigana nayo tu. Uyu muzee, mwili yake ilikuwa tayari mu vita ingine. Gripi peke yake inapandisha sukari, hata bila chai. Na sukari ikipanda, kifua hakina nguvu ya kujikinga. Sasa mapafu nayo imeoza."

"Kwa hiyo chai si kitu?"

"Sikusema vile. Chai ilisukuma. Lakini alikuwa kwenye muteremko tayari."

Walimtundikia maji, wakamchoma insulini na penisilini. Mimi nilitembea. Kutoka kitandani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni, mpaka wagonjwa wengine wakanung'unika. Kuna wakati mama alifumbua macho akanifuata kwa kuyazungusha tu.

"Suzanne," akasema. "Unanichokesha."

Nilifurahi. Nilidhani mtu mwenye nguvu ya kunigombeza atapona. Kesho yake, mchana, wakati nimetoka kumtafuta nesi kwa mara nyingine tena, alikata roho.

Tulimzika hukohuko Nchelenge, kwa kuwa ziwa lilikuwa bado limechafuka. Watu wa kanisa waliimba kwa Kibemba. Baada ya maziko Ennie hakuniacha. Alinipikia maji ya kuoga, alinifulia kitenge, na usiku alilala mlangoni kwangu. Wema wake ulinichoma. Nilipanga kuondoka na mtumbwi wa kwanza utakaokubali kuvuka, bila kusema lolote. Nilijiambia kwamba kunyamaza ndiyo heshima.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa uani, nafunga mizigo. Ennie akanishika kwenye kiwiko.

"Ba Suzanne, niambie. Ile ichifine sisi bote tuliipata. Hata mama yangu, naye ni muzee kupita mama yenu. Leo iko pale, anapara samaki. Kwa nini ilichukua yenu?"

Niliinama nikakaza kamba ya mzigo.

"Nilikosa nini? Nataka nijue. Maana mama wa bwana wangu anakuja juma hii, nitamulaza hapa hapa."

"Mama wa bwana wako ana ugonjwa?"

"Miguu. Na kiu. Anakunywaka maji sana, na usiku anatoka kila saa."

Kiu na kutoka usiku: ndivyo ugonjwa wa mama ulivyoanza. Nilitafuta neno lingine katika Kiswahili chetu cha sokoni, lolote lile, sikulipata.

"Mama yangu alikuwa na sukari," nikasema.

"Ndiyo," Ennie akajibu, macho yamejaa machozi. "Hakuikosa hata siku moja."

Mwenye mtumbwi alikuwa ananiita ufukweni. Nikamwacha aite.

"Iko sukari ingine, Ennie," nikamwambia. "Inakaaka mu damu. Ni maladi, ni ugonjwa."

Alielewa kabla sijamaliza. Nilimwona akielewa, nikaendelea kusema, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anakuja.