Fuko Hawakukosea

Kila asubuhi, kabla chai haijatulia tumboni, Mama Fuko alikuwa na nyumba nne za kubomoa.

Hilo jina alipachikwa na wenzake pale chuoni, alikofanya kazi ya kuhudumia wanyama wa maabara. Wanyama wenyewe walikuwa fuko wanane, wale wachimba mashimo wenye meno ya mbele kama patasi na macho madogo yasiyowafaa kitu. Chumbani mwao, kando ya ukuta wa magharibi, kulikuwa na mabeseni manne ya plastiki, ya mviringo, mapana kuliko meza ya kulia chakula. Kila jioni aliwatia fuko wawili wawili, dume na jike, akawatawanyia vipande vya karatasi laini na karoti, akafunika, akazima taa. Gizani humo fuko walizoa zile karatasi, wakazirundika upande mmoja wa beseni, wakajikunja humo wakalala. Asubuhi yeye aliandika daftarini kiota kimekaa upande gani, kisha akaking'oa, akasugua beseni kwa maji ya moto na siki mpaka harufu yote iishe. Jioni, moto ule ule.

"Na wao hawachoki," alimwambia mumewe. "Mimi ndiye nachoka. Mtu anajenga, unambomolea, kesho anajenga pale pale. Hata mpangaji angeshahama."

Pale pale, ndiyo, maana hapo ndipo penye utafiti. Daktari, msichana ambaye Mama Fuko angeweza kumzaa kama si kuchelewa kuolewa, alimweleza siku ya kwanza kwamba dunia nzima ni kama sumaku moja kubwa, na kwamba kuna wanyama wanaoihisi sumaku hiyo mwilini mwao. Ndege wa safari ndefu wanaihisi, kasa wanaihisi, na fuko hawa, wasioona jua wala nyota, wanaihisi huko chini ya ardhi wanakochimba bila kupotea. Ukiwapa beseni lisilo na kona, wao hujenga upande wa kusini-mashariki. Kwa nini huko, hakuna ajuaye.

Kwa wiki tano fuko hawakumwangusha Daktari. Kusini-mashariki, kusini-mashariki, daftari likajaa. Kisha yakaja mapumziko ya siku tatu. Aliporudi kazini na kufunua beseni la kwanza, kiota kilikuwa kaskazini-mashariki. La pili, kaskazini-mashariki. La tatu na la nne, vivyo hivyo. Akaandika alichokiona, akabomoa.

Wiki ilipoisha bila kiota hata kimoja kurudi mahali pake, Daktari alishuka na daftari mkononi na ndita usoni.

"Mama, unapomwaga karatasi huwa unasimama wapi?"

"Mlangoni, ninaposimama siku zote. Ulitaka nisimame darini?"

"Mlango uko kaskazini-mashariki."

"Naujua mlango, Daktari. Ndio ninaoingilia."

"Basi ndiyo maana. Karatasi zinarundikana upande wako, fuko wanajengea hapo hapo. Unawafundisha uvivu."

Wiki zote tano za kusini-mashariki Mama Fuko alikuwa anamwaga karatasi kutokea mlango ule ule. Akauliza, kwa sauti ya upole iliyomgharimu, kama labda kuna kitu kingine kimebadilika chumbani. Daktari akatikisa kichwa. Alishapima nguvu ya sumaku siku ya kwanza kabisa, kwa chombo alichoazima chuo kingine na kukirudisha.

"Dunia haihami, mama," alisema. "Watu ndio wanaobadilika." Na kwa kalamu nyekundu akaandika pembeni mwa ukurasa: *Mhudumu hafuati maelekezo.*

Hapo ndipo maisha yalipogeuka karaha. Daktari aliagiza karatasi zimwagwe kutoka katikati, kwa mikono miwili. Viota vikabaki kaskazini-mashariki. Akaagiza mama azunguke kila beseni mara tatu kabla ya kumwaga. Akazunguka, huku wasafishaji wa koridoni wakichungulia na kuuliza kama anawafanyia fuko uganga. Akaagizwa aache sabuni yenye harufu, kisha aache mafuta ya nywele, kisha avae viatu vya mpira. Ilipofika zamu ya kukatazwa kuongea chumbani, maji yalimfika shingoni.

"Wanyama vipofu hawa, na mimi sasa niwe bubu," alisema peke yake, kwa sauti kubwa, makusudi.

Wiki ya tatu ilipoisha Daktari alimwambia kwamba Ijumaa inayofuata ataandika kwa mkuu wa idara aletewe mhudumu mwingine. "Si ubaya, mama. Ni kazi tu."

Jumapili shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuja kuwasalimu. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa porini na miguu mitatu ya chuma begani. Mama Fuko alimwaga yote, kuanzia sabuni mpaka kalamu nyekundu. Mumewe, aliyekwisha kuisikia hadithi hiyo mara kumi, alijifanya amesinzia.

"Shemeji," alisema mpima ardhi, akiacha kucheka, "wote wanne walihama siku moja?"

"Siku moja."

"Na wote kwenda upande mmoja?"

"Upande mmoja. Kama wamepigiana simu."

"Basi hao hawajakosea. Anayekosea hutangatanga. Hao wamedanganywa." Akatoa mfukoni dira ndogo ya shaba. "Chukua hii. Lakini kabla hujaishika vua saa, weka funguo na simu mbali. Dira ina wivu, shemeji. Ikiona chuma jirani inageuza shingo, inasahau hata kaskazini."

Jumatatu alifika kazini kabla ya watu wote. Akaacha mkoba koridoni, akavua saa, akachomoa hata pini za nywele, nywele zikammwagikia usoni. Hapo koridoni mshale wa dira ulitulia kuelekea kaskazini kama mtu mwenye adabu zake. Akaingia chumbani. Sakafuni kulikuwa na utepe mweupe aliougundisha Daktari kuonyesha kaskazini. Kwa kila hatua ya kulisogelea beseni mshale uliuacha utepe, na alipofika juu ya beseni lenyewe ulikuwa umegeuka kabisa kuelekea magharibi, ukutani.

Akasimama akiutazama ule ukuta. Akageuza mwili wake kuufuata mshale, akajiambia: kama huku ndiko kaskazini yao, basi kusini-mashariki yao iko nyuma yangu, mkono wa kulia. Akatazama nyuma, mkono wa kulia. Mlango.

Akasonya msonyo mrefu, wa wiki tatu.

Nyuma ya ukuta huo palikuwa na stoo ya chuo, na mtunza stoo alikuwa mzee asiyemfungulia mtu bila karatasi.

"Nataka kutazama tu, mzee wangu."

"Kutazama nako kuna fomu yake."

"Dakika moja."

"Dakika nayo inaandikwa."

Mama Fuko akashusha pumzi. "Sawa. Lakini nikueleze mapema. Nahisi fuko wangu mmoja ametoroka kaingia humo ndani. Ana meno haya." Akamwonyesha urefu kwa vidole, akauongeza kidogo. "Hula mbao. Na mafaili pia, mbao zikiisha."

Mlango ulifunguliwa mara moja, na mzee akabaki nje.

Ndani, yakiwa yamebanwa ukutani kwa mstari, palikuwa na maspika sita makuukuu ya ukumbi wa mikutano, kila moja refu kama mtu. Alipoisogeza dira, mshale ulilirukia spika la kwanza kama kuku kwenye punje.

"Haya yaliletwa lini, mzee?"

"Wakati wa mapumziko. Ukumbi umepata mapya. Umemwona fuko?"

"Nimemwona," alisema Mama Fuko.

Daktari aliposikia habari ya maspika alianza na "Mama, tafadhali," lakini alishuka. Aliitazama dira koridoni, akaitazama juu ya beseni, akarudi koridoni, akaja tena. Kisha akavuta kigoda akaketi.

"Kila spika lina sumaku kubwa ndani," alisema taratibu. "Fuko walikuwa wanafuata kusini-mashariki waliyopewa."

"Fuko hawakukosea."

"Hawakukosea."

"Na mwingine je?"

Daktari akakohoa. "Na wewe pia, mama. Samahani," akasema, kwa uso wa mtu anayemeza shubiri.

Ungedhani mambo yameisha. Lakini maspika yalikuwa mali ya utawala, na afisa utawala alitaka barua, na barua ilitaka sahihi ya mkuu wa idara, na mkuu wa idara alikuwa safarini. Mama Fuko alingoja siku tisa, akibomoa viota mlangoni. Siku ya kumi aliwaita wale wasafishaji wawili wa koridoni na toroli lao la ndoo, na kabla ya saa sita maspika yote yalikuwa mwisho wa jengo, chini ya ngazi.

Kesho yake alifunua beseni la kwanza akiwa amebana pumzi. Kusini-mashariki. La pili, la tatu, la nne: kusini-mashariki. Hakuvibomoa. Alisimama akiwatazama wale viumbe vipofu wamelala mmoja juu ya mwingine, na kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima akajikuta anatabasamu. Kisha akampigia Daktari.

Daktari alikuja mbio. Alizunguka mabeseni yote manne, akapiga makofi kama mtoto, akamkumbatia. "Mama, hii ni kubwa kuliko tuliyokuwa tunaitafuta! Sasa yarudishwe."

"Nini?"

"Maspika. Tukiyarudisha viota vikahama, tukiyaondoa vikarudi, nani atabisha? Wiki kwa wiki. Mara sita tu."

Mama Fuko alikuwa na mgongo unaouma na glavu zenye harufu ya siki.

"Kwanza," alisema, "ile kalamu nyekundu."

Daktari akafungua daftari, akakata mstari, akaandika juu yake: *Mhudumu alifuata maelekezo. Mtafiti hakupima tena.* Akatia sahihi.

"Pili, ncha moja ya kila spika unashika wewe."

Wakashika. Spika la kwanza Daktari alivunjika kucha, la tatu akaomba wapumzike. "Bado matatu," alisema Mama Fuko bila kugeuka, "na bado wiki sita."

Wiki sita zikaenda hivyo. Viota vikahama, vikarudi, vikahama, bila kukosa hata kimoja. Wiki ya saba ilifika barua kali ya afisa utawala, akitaka kujua nani anayetembeza mali ya chuo bila kibali. Daktari alikaa mchana mzima akiijibu, kurasa mbili, akishuka kila mara kuuliza tarehe.

"Ziko daftarini, Daktari," alijibu Mama Fuko, akiendelea kukata karoti.