Mheshimiwa Nusu

Jimbo letu limekufa, na simpi mtu pole. Halikufa kwa vita wala kwa njaa. Tume ya mipaka ilikaa mezani huko inakokaa, ikatazama ramani, ikaona watu wetu hawatoshi, ikalikata katikati kama mkate. Upande wa soko ukapewa jimbo la mashariki, upande wa shule ukapewa la magharibi. Tulisikia redioni nikiwa kazini. Mteja niliyekuwa namsuka akaruka, "Sasa mimi ni wa wapi?" Nikamwambia atulie, ni wa kiti changu mpaka nimalize kichwa.

Kwa wasiolijua, nitawapa historia ya jimbo hilo, na sitamlamba mtu viatu.

Mbunge wa kwanza tulimwita Suti. Alichaguliwa kwa sababu eneo zima ni yeye tu aliyekuwa na suti, na wazee waliona aibu kupeleka bungeni mtu wa shati. Alikaa huko mpaka suti ikapauka. Wanasema alisimama kuzungumza mara moja tu, akampongeza waziri kwa hotuba ambayo waziri alikuwa bado hajaitoa.

Akafuata Jiwe la Msingi. Huyo aliweka mawe ya msingi ya zahanati, maktaba, uwanja wa michezo na sijui nini tena, na mawe yote yapo hadi leo, majengo ndiyo hayajafika. Moja liko mbele ya nyumba yetu, linanoa visu vizuri sana. Wa tatu alikuwa Mgeni, jina alilolipata kwa kuja kutuona wakati wa kampeni tu. Alifariki akiwa madarakani, Mungu amrehemu, ila ukweli usemwe, ilituchukua muda kuona tofauti.

Wa nne ni mama mkwe wangu, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Mama mkwe ni fundi cherehani. Chumba cha mbele tumegawana: dirishani kuna cherehani yake, mlangoni kuna kiti changu cha kusukia, na kutwa tunagombana kwa sababu ya nywele zinazorukia vitambaa vyake. Mume wangu ni dereva wa lori, na akisikia sauti zimepanda hukumbuka kwamba ana safari. Nguo akiikata yule mama itakukaa mpaka ujipende. Lakini ana ugonjwa wa mafundi wote. Ukimpelekea kitambaa atakwambia uje Ijumaa, ila hasemi ni Ijumaa ya mwaka gani.

Mgeni alipokufa, wanawake wa sokoni walimsukuma mama mkwe agombee. Akagombea, akashinda, tena kwa mbali. Kosa alilofanya, kila nikilikumbuka nacheka huku nimenuna. Siku za mwisho za kampeni dhamiri ilimsuta. Aliona haya kuomba kura kwa watu ambao nguo zao amezikalia. Basi akajifungia na cherehani yake, akashona kama anafukuzwa, akapeleka nguo zote nyumba kwa nyumba: sare za shule, magauni, suruali, nyingine za watoto ambao sasa wana ndevu. Zote zilikuwa mali ya watu, na ujira wake walishampa zamani.

Aliyeshindwa ni mwanasheria tunayemwita Pingamizi, maana hata msibani lazima apinge kitu. Akakimbilia mahakamani kudai kwamba mama mkwe amehonga wapiga kura kwa nguo. Tulicheka weee, mpaka mashahidi walipoanza kusimama. Jirani yetu wa mlango wa pili aliulizwa kama alikuwa bado analitarajia lile gauni. Naye, kwa kuwa ameapa na anamwogopa Mungu, akajibu, "Hapana, mheshimiwa jaji. Nilishakata tamaa. Nilipoletewa niliona ni zawadi."

Wakaja wengine na maneno yale yale. Jaji akaamua kwamba kitu ambacho mtu amekata tamaa nacho, akikipata karibu na kura, ni zawadi. Uchaguzi ukafutwa, na mama mkwe akazuiwa kugombea tena. Wakati huo alikuwa ameshaapa, ameshakalia kiti bungeni, na ameshauliza swali kuhusu paa la soko. Pingamizi akagombea, akapita, akakaa mpaka jimbo lilipomfia mikononi. Mtaani mama mkwe akabaki na jina la Mheshimiwa Nusu. Wakimwita hivyo anacheka nao, lakini mimi ninayekaa naye najua kwamba picha yake ya ubunge ipo nyuma ya kabati, imegeuziwa ukutani.

Sasa, jimbo lilipofutwa, Pingamizi akatangaza sherehe ya kuliaga. Picha za wabunge wote waliowahi kulitumikia zitatundikwa kwenye ukumbi wa jimbo, "kwa ajili ya vizazi vijavyo." Mteja wangu mmoja akatuletea habari: wapo Suti, Jiwe la Msingi, Mgeni na Pingamizi mwenyewe. Basi.

Mama mkwe akainamia cherehani. Akaendelea kushona. Baadaye nikatazama kazi yake nikaona mkono wa blauzi ameushonea mgongoni.

"Mama, una nini?"

"Sina kitu."

"Hiyo blauzi ni ya mtu au ya ndege?"

Akaitazama, akaiweka mapajani. "Nataka niwepo pale ukutani, mwanangu," akasema. "Nimezeeka. Nikifa watakumbuka nini? Kwamba palikuwa na mwanamke mmoja, alihonga watu kwa magauni?"

Jamani, mimi na huyu mama tumeshatupiana maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Lakini siku ile roho iliniuma kweli. Nikamwacha mteja na nusu ya kichwa, nikaenda moja kwa moja ofisi ya jimbo.

Nilimkuta Pingamizi anapakia makabrasha kwenye maboksi, jasho linamtiririka.

"Mheshimiwa, nasikia picha ya mama haimo."

"Dada yangu, sheria iko wazi. Uchaguzi ukifutwa, ni kama haukuwahi kuwepo."

"Kwa hiyo bungeni alikaa nani wakati wote ule? Jini?"

"Kisheria, kiti kilikuwa wazi."

"Na paa la soko aliloliombea?"

"Lile nililimaliza mimi."

"Ulimaliza kulipaka rangi!"

Akakalia boksi, likabonyea. "Nimefiwa na jimbo, dada, na wewe unaniletea ugomvi," akasema, na macho yake kweli yalikuwa mekundu. Nilikaribia kumwonea huruma. Bahati nzuri akaongeza, "Mwambie mama asisahau suti yangu ya sherehe."

Ndiyo, suti yake iko kwetu. Msishangae. Lile tumbo hakuna fundi mwingine anayeliweza, na yeye mwenyewe anajua. Mahakama ni mahakama, tumbo ni tumbo. Nilirudi nyumbani karibu nicheze barabarani.

"Mama, usiimalize suti ya Pingamizi! Mwambie aje Ijumaa, kama kawaida yako. Picha ikipanda ukutani, suti inatoka. Isipopanda, aende na kaptula."

Mama mkwe akavua miwani. "Wewe mtoto una akili za mwizi."

"Ahsante, mama."

"Walinitoa kwa nguo," akasema, "sirudi kwa nguo."

Nikabembeleza, nikafoka, nikamwambia huo ustaarabu wake ndio uliotufikisha hapa. Alinijibu kwa kukanyaga cherehani tu. Akaimaliza suti siku ile ile, akaipiga pasi, akanituma mimi niipeleke. Pingamizi alipoiona kabla ya siku ya miadi alishtuka, akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Lakini kukataa hila alikataa yeye. Mimi sikukataa. Asubuhi ya sherehe nilichukua nyundo, nikachukua msumari, nikaitoa picha nyuma ya kabati, nikaingia ukumbini kabla ya watu. Nikapigilia katikati ya Mgeni na Pingamizi, nikatundika. Kwenye picha mama mkwe amevaa gauni la kijani, amesimama wima, na ukitazama vizuri utaona upindo una pini. La kwake mwenyewe hakupata nafasi ya kulimaliza.

Watu wakajaa. Mama mkwe akaja na jirani wa mlango wa pili, wakakaa safu ya nyuma. Alipoiona picha yake akanitafuta kwa macho, na mimi ghafla nikawa na kazi kubwa ya kupanga viti.

Pingamizi akaingia. Suti ilimkaa, sitadanganya. Akaanza kusalimia safu ya mbele, akainua uso, akaona. Akanifuata mbio.

"Nani ameweka ile?"

"Kisheria hakuna aliyeiweka, mheshimiwa. Ukuta uko wazi."

Akanipita, akaenda ukutani, akanyoosha mkono. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameinamisha kichwa na ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, nikajiona mjinga. Nimemleta huyu mama kuja kutolewa mara ya pili, tena hadharani, na safari hii ni kwa kiherehere changu.

"Mheshimiwa, nina neno!"

Alikuwa jirani wa mlango wa pili. Amesimama, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande.

"Mimi niliapa mahakamani nikasema gauni nililiona ni zawadi. Ni kweli, na sifuti. Lakini hakuna aliyeniuliza nilimpigia nani kura." Akamnyooshea Pingamizi kidole. "Nilikupigia wewe! Gauni lenyewe lilikuwa linanibana!"

Kisha mama muuza nyanya akapaza sauti, "Hata mimi! Mtoto alishamaliza shule ndiyo sare inaletwa, nimpe kura ya nini?" Na mwingine, na mwingine. Mama mkwe akamgeukia jirani yake, mdomo wazi.

"Kumbe hukunipigia?"

"Shoga yangu, ungeliwahisha ningekupigia!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, watu wakawa wanapiga viti. Pingamizi bado ana mkono hewani. Ni mtu wa pingamizi lakini si mjinga, na anaujua umati. Waliohongwa ndio waliomnyima kura, na wanamwambia hivyo mbele ya picha. Mkono ukashuka taratibu, ukaisawazisha fremu kidogo, kana kwamba ndilo alilokuwa amelifuata.

Aliposimama kuhutubia alikohoa sana. Kisha akasema, "Jimbo hili, ndugu zangu, limekuwa na wabunge watano." Watu walipiga makofi. Mama mkwe hakupiga. Alipekua mkoba akitafuta leso, hakuiona, akavuta ncha ya mtandio wangu akajifuta nayo, na mimi nikamwachia.

Tulirudi nyumbani, na tangu siku ile akawa na ugonjwa mpya. Anakwenda sokoni kwa kuzungukia ukumbini. Akikosa vitufe, anapitia ukumbini. Hata uzi wa cherehani, unaouzwa jirani hapa, ulimpitisha ukumbini. Nilimtania kwamba ule ukuta hautakimbia.

Kumbe niliongea mapema. Ukumbi uliangukia upande wa mashariki, na mheshimiwa wa huko hakuwa na habari na vizazi vyetu. Alitaka mahali pa kuhifadhi saruji. Mteja akaja mbio kuniambia vibarua wanatoa vitu nje. Nikamwangalia mama mkwe, naye alikuwa ameshasikia, anavaa viatu.

Tukawakuta uani, chini, wamesimamishwa kwenye kiambaza, vumbi la saruji limewajaa nyusoni: Suti, Jiwe la Msingi, Mgeni, mama mkwe, Pingamizi. Pingamizi mwenyewe, yule wa nyama na damu, alikuwa mlangoni anawafokea vibarua kwamba atakwenda mahakamani, na wao wanampita na mifuko begani. Machozi yalinilenga. Nikainama niiokoe picha yetu kabla haijakanyagwa.

Mama mkwe akanidaka mkono. Niligeuka nikitegemea kilio, nikamkuta anacheka, mabega yanamtikisika.

"Mama, unacheka? Si wamekutoa tena!"

"Mara ile walinitoa peke yangu," akasema. "Iache hapo. Iache na wenzake."