Mafuta ya Jana

Bidoni, dumu dogo la plastiki, ilikuwa chini ya kitanda cha mama, nyuma ya viatu vyake vya kanisani, imefunikwa kitenge. Nilikuwa natafuta nguo safi za kumpelekea hospitalini. Ilikuwa siku ya tatu tangu mkono wake wa kuume ukatae kushika kijiko na mdomo wake uende upande. Nilifungua kifuniko, harufu ikanipanda puani: mafuta ya kukaangia, meusi, mazito, yamebaki kimo cha kidole. Mimi muuguzi wa miaka minne, ninayepima watu tansio, shinikizo la damu, kutwa nzima, nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mama yangu, Kavira, alikaanga mandazi kando ya barabara huku mtaani Saio tangu tulipohama kutoka Butembo, baba akiwa ameshafariki. Wakaangaji wote wa mtaa walikuwa na desturi moja: mafuta ya jana hayamwagwi. Yanabaki ndani ya sufuria, mapya yanamiminwa juu yake, leo hivyo, kesho hivyo, miezi na miezi. Ukikaanga kwa mafuta mapya matupu, mandazi yanatoka meupe na wateja wanadhani hayajaiva. "Ya zamani njo inaletaka rangi," mama alikuwa akisema.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shule ya uuguzi, mwalimu wetu Baudouin alituchorea mshipa wa damu ubaoni. Akasema mafuta yakichemshwa tena na tena, moto na hewa vinayaharibu, kama kutu inavyokula msumari. Mafuta hayo yakiingia mwilini kila siku, yanasaidia kuchubua ngozi laini ya ndani ya mshipa. Mshipa unakakamaa. Siku moja damu inakwama. Wenzangu waliandika. Mimi masikio yaliniwaka kwa aibu, maana nusu ya darasa, na mwalimu mwenyewe, walikuwa wateja wa mama.

Niliporudi nyumbani nilimkuta anachekecha unga.

"Mama, usikaangie tena watu na mafuta ya zamani. Inaharibu mishipa ya damu."

Alicheka. "Weye Solange, watu wanakulaka mandazi yangu tangu uko mutoto. Nani alikufa?"

"Mwalimu yetu anakulaka kwako. Akijua, nitaficha uso wapi?"

Hapo akaacha kucheka. Aliweka chekeche chini.

"Sawa. Kama iko mubaya kwa watu, sitawapatia."

Na hakuwapatia. Tangu kesho yake sufuria ilioshwa kila asubuhi. Mandazi yakatoka meupe kweli, wateja wakanung'unika, wengine wakahamia kwa jirani yetu Emérance, lakini mama hakurudi nyuma. Nilitembea shuleni kichwa juu. Sikuuliza hata siku moja mafuta yaliyokwisha kutumika yalikuwa yanakwenda wapi. Hapo ndipo ninapojichukia.

Maana nyumbani pia kitu kilibadilika, na nilikiona kwa macho yangu. Mimi na mdogo wangu Élisée tulipakuliwa kwanza, sombe ya majani ya muhogo, ya kijani inayong'aa. "Mukule, miye nitakula nyuma," mama alisema, kisha akajipikia ya kwake kwenye kisufuria kidogo nyuma ya nyumba. Sombe yake ilikuwa nyeusi na ilinuka moshi. Siku moja nilitaka kuonja, akaninyang'anya kijiko.

"Achana na yangu. Miye ninapendaka harufu ya moshi."

Nikamtania kwamba jiko la bibi huko Butembo halijamtoka. Tukacheka wote wawili. Miaka sita ikapita hivyo.

Siku ya bidoni nilirudi hospitalini na nguo. Nilimbadilisha, nikamfuta mdomo, kisha nikamwambia nimeiona. Aligeuza uso ukutani. Maneno yake yalitoka vipande vipande.

"Ulisema... watu."

"Na weye si mutu, mama?"

Mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado unamtii, ulitafuta wangu juu ya shuka.

"Kutupa chakula," alisema. "Ningewezaje?"

Daktari Aimé aliniambia nisijitese. Tansio ya mama ilikuwa juu tangu zamani, vidonge alikuwa akivisahau, na hakuna awezaye kusema mshipa wake uliziba kwa ajili ya kitu gani hasa. Ni kweli. Mimi mwenyewe huwaambia ndugu za wagonjwa maneno hayo hayo. Lakini najua nilichokuwa nacho moyoni siku ile ya unga: nilifikiria uso wangu mbele ya mwalimu. Mama sikumfikiria hata kidogo.

Alifariki siku ya tisa.

Kwenye kilio, akina mama wa kanisa walikaanga mandazi ya waombolezaji uani kwetu. Bidoni nilikuwa nimeiosha kwa sabuni mara tatu, imeinamishwa kwenye ukingo wa ukuta ili ikauke. Emérance alitoa andazi la kwanza, likiwa jeupe, akaguna.

"Solange, mama yako hakuacha mafuta ya zamani hata kidogo? Tutie, ilete rangi."

"Haiko," nilisema. "Mama aliikula yote."